KABLA HUJAMLIPA FUNDI, TAFUTA NGUVU IMEKWAMA WAPI



Mashine ikisimama kiwandani, fundi wa zamu haanzi kwa kufungua injini. Kwanza huangalia kama umeme unafika. Huangalia swichi kubwa, kisha fyuzi, kisha waya, kisha mkanda. Hufuata njia kutoka pale nguvu inapotoka mpaka pale kazi inapofanyika, na popote anapokuta nguvu imekatika, hapo ndipo penye ugonjwa.

Jambo hili tunaliona kazini kila siku. Lakini tukirudi nyumbani, pasi ikikataa kupata moto au redio ikinyamaza, tunaifunga kwenye mfuko na kuikimbiza kwa fundi sokoni. Tunamwambia, "Imekufa." Fundi akisikia neno hilo kwa mtu asiyejua lolote, ana uhuru wa kutaja bei yoyote. Hapo mshahara wa siku tatu au nne unakwenda, na pengine kilichoharibika ni fyuzi ndogo ya plagi.

Wengine watauliza: kwa nini chama cha wafanyakazi kizungumze habari za pasi na redio? Jibu letu ni hili. Katika Uganda kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, nacho kilikuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuweka kima kipya kwa kila aina ya kazi, lakini Rais hakuutia sahihi. Kwa hiyo nyongeza yetu tunaipata kwa jasho la mezani, katika makubaliano ya chama na mwajiri, shilingi kwa shilingi. Ndoo inayojazwa kwa shida namna hiyo haifai kuachwa ivuje chini.

Makala haya tunayaandika hasa kwa ajili ya ndugu zetu wa Abuku na sehemu nyingine za Koboko na Arua. Watu wa West Nile wamekwenda kukata miwa na kufanya kazi viwandani tangu enzi ya ukoloni. Kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianza mwaka 1924, na cha Kakira mwaka 1930, na katika mashamba hayo mikono ya kwetu haikukosekana. Kijana akirudi nyumbani baada ya mkataba, anachobeba ndicho ushahidi wa miaka yake: redio, godoro, pasi, paneli ya umeme wa jua. Chombo hicho kikifa, si chuma kilichokufa. Ni miezi ya kazi.

TABIA YA UMEME WA KWETU

Tujue kwanza umeme wetu ulivyo. Kwa miaka mingi Arua ilitegemea jenereta. Mwaka 2003 kampuni ya WENRECO ilianza kuendesha umeme wa West Nile, na mwaka 2012 kituo cha maji cha Nyagak, kule Zombo, kilianza kutoa megawati 3.5. Baadaye laini kubwa ya taifa ikafika Arua kupitia Gulu na Nebbi. Waliokuwa na vitu vya umeme katika miaka ile ya kukatikakatika wanajua hasara yake: umeme unaondoka ghafla, unarudi kwa kishindo, na chombo kilichoachwa kwenye soketi ndicho kinachopigwa.

Basi somo la kwanza halina gharama. Umeme ukikatika, chomoa friji, televisheni na chaja. Ukirudi, ngoja kama dakika tano ndipo uchomeke. Kwa friji kungoja huko ni lazima, kwa sababu injini yake ikilazimishwa kuanza wakati gesi ndani bado ina mkandamizo, hushindwa kuzunguka na kuungua.

Ndugu wengi vijijini hawamo kwenye waya huo. Wao hutegemea jua na betri. Nao tutawafikia.

PASI, BIRIKA NA JIKO LA UMEME

Chombo cha umeme kikikataa, fuata njia hii bila kuruka hatua.

Kwanza, je, umeme upo? Usicheke. Wapo waliopeleka pasi kwa fundi kumbe mita ya kulipia kabla imekwisha uniti. Washa taa. Taa ikiwaka, endelea.

Pili, je, soketi ni nzima? Chomeka kitu kingine unachojua ni kizima, kama chaja ya simu, katika soketi ile ile. Kisha chukua chombo kinachokataa ukichomeke katika soketi nyingine. Jaribio hili moja linakuonyesha kama ugonjwa uko ukutani au uko kwenye chombo.

Tatu, plagi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani. Chomoa plagi kutoka ukutani kwanza, kisha ifungue kwa bisibisi. Angalia nyaya tatu kama zimekazwa. Waya wa kahawia ndio wenye moto, nao hukaa kulia upande wa fyuzi. Wa buluu hukaa kushoto. Wa kijani na njano hukaa juu, nao ni wa ardhi. Katika vyombo vya zamani mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni wa pili, na wa kijani ni wa ardhi. Waya ukiwa umechomoka au umelegea, ukate ncha, uumenye upya, uukaze. Kazi imekwisha, na hukumlipa mtu.

Nne, fyuzi yenyewe. Usiye na kipimo unaweza kutumia tochi ya chuma. Fungua kifuniko cha nyuma, gusisha upande mmoja wa fyuzi kwenye kitako cha betri na upande wa pili kwenye ukingo wa chuma wa tochi, swichi ikiwa imewashwa. Taa ikiwaka, fyuzi ni nzima. Isipowaka, fyuzi imeungua.

Hapa tuseme wazi juu ya tabia mbaya iliyoenea katika kambi za wafanyakazi. Fyuzi ikiungua, mtu huweka karatasi ya fedha ya sigara, au msumari, au kipande cha waya. Chombo kinafanya kazi, naye anafurahi. Lakini fyuzi ni mlinzi. Kazi yake ni kufa ili nyumba isife. Ukimtoa mlinzi ukaweka msumari, siku waya ukishikana hakuna kitakachokatika, na moto utapanda kwenye paa. Katika nyumba za laini, ambako ukuta mmoja unagawanywa na familia mbili, unachoma na watoto wa jirani.

Fyuzi ipi inafaa? Hesabu yake ni ya darasa la tano. Tazama wati zilizoandikwa chini ya chombo, gawanya kwa 240, ambayo ndiyo volti ya umeme wetu. Pasi ya wati 1,200 inakula ampea 5. Birika la wati 2,000 linakula ampea 8 na kidogo. Redio ya wati 20 haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Kwa chombo kisichozidi wati 700, weka fyuzi ya ampea 3. Kwa pasi, birika na jiko, weka ya ampea 13. Ukiweka ya 13 kwenye redio, mlinzi atalala redio ikiungua.

Fyuzi mpya ikiungua mara tu unapowasha, usiweke nyingine. Hiyo ni alama kwamba kuna waya zilizoshikana ndani. Sasa ni kazi ya fundi, nawe utamwambia hivyo.

Tano, waya. Nyaya nyingi za pasi hukatikia mahali pamoja, pale zinapoingia kwenye mkono wa pasi, kwa sababu hapo hukunjwa kila siku. Tena tuna desturi ya kuuzungushia pasi waya ikiwa bado ya moto, na moto huo unakausha ngozi ya waya mpaka ipasuke. Pasi ikiwa inapata moto ukishika waya hivi na kuzimika ukiuachia, usiendelee kuikunjakunja. Chomoa, maana umekwisha pata jibu: waya ndio mgonjwa, si pasi. Badili waya wote. Usiunge kwa kusokota na kufunga nailoni.

Kwa birika, kuna jambo moja zaidi. Likichemshwa bila maji ya kutosha, kinga yake ya ndani hukata umeme. Wengi hufikiri limekufa. Liache lipoe, kisha tia maji mpaka alama, jaribu tena.

UMEME WA JUA

Kwa nyumba nyingi za vijijini Koboko, taa na redio na simu hutoka kwenye paneli moja juu ya bati. Hapa ndipo mfanyakazi hupoteza fedha nyingi kuliko penginepo, kwa sababu betri ni kitu cha bei kubwa na kila mwenye duka hufurahi kusema, "Betri imekufa, nunua nyingine."

Ndugu mmoja wa Abuku, mkata miwa wa miaka mingi, taa zake zilianza kuzimika saa mbili usiku. Muuzaji mmoja alimwambia betri imekwisha. Alikuwa karibu kuuza mbuzi wawili. Wenzake wa chama walipokwenda kwake hawakuanza na betri, walianza na jua. Mwembe ulikuwa umekua tangu paneli ilipofungwa, na kuanzia saa nane mchana kivuli cha tawi kilikuwa kinalala juu ya paneli. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeganda juu yake. Vibano vya betri vilikuwa na unga mweupe na kijani. Maji ndani ya betri yalikuwa chini ya bamba. Walikata tawi, wakaosha paneli, wakasugua vibano, wakaongeza maji ya betri. Taa hazikurudi kuwa kama siku ya kwanza, maana betri ile ilikuwa imekwisha zeeka kiasi, lakini watoto walisoma mpaka saa nne, na mbuzi walibaki.

Njia ya nguvu ya jua ni hii: jua, paneli, waya, kidhibiti, betri, waya, taa. Ifuate kwa utaratibu huo.

Paneli. Kivuli kidogo kina hasara kubwa. Vijisehemu vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Mmoja akisimama, mstari wote unakwama. Ndiyo maana tawi dogo laweza kuiba sehemu kubwa ya nguvu. Osha paneli kwa maji na kitambaa laini, asubuhi ikiwa bado baridi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, usiache wiki mbili zipite.

Kidhibiti. Ni kile kisanduku kidogo chenye taa. Mchana jua likiwa kali, taa yake ya kuchaji iwake. Isipowaka, ugonjwa uko upande wa paneli au waya wake. Ikiwaka, tazama betri.

Betri. Tawi likiwa na kipimo cha volti, pima betri ya volti 12 asubuhi kabla jua halijapanda, na taa zote zikiwa zimezimwa kwa saa kadhaa. Ikisoma 12.6 au zaidi, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu. Ikiwa chini ya 12, iko karibu tupu. Kuiacha tupu kila siku ndiko kunakoiua. Kama betri yako ni ya kufunguliwa, angalia maji kila mwezi. Tia maji safi ya betri peke yake. Maji ya kisima yana chumvi, na asidi haiongezwi. Usisogeze moto wala sigara, kwa sababu betri ikichaji hutoa gesi inayolipuka. Asidi ikikurukia machoni, osha kwa maji mengi sana, kisha nenda hospitali.

Matumizi. Wengine hununua inveta wakachomeka pasi. Tufanye hesabu tena. Pasi ya wati 1,000 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea zaidi ya 80. Betri ya ampea 100 itakuwa nusu tupu kabla ya dakika arobaini. Jua ni la taa, redio na simu. Nguo zipigwe pasi ya makaa.

REDIO, TOCHI NA SIMU

Redio ya mawe ikififia, watu hutoa mawe yote na kutia mapya mawili na ya zamani mawili. Huo ni upotevu. Jiwe moja dhaifu huvuta chini mengine yote. Badili yote kwa pamoja, na ya aina moja. Kila jiwe jipya lina volti 1.5.

Ukitia mawe mapya na redio bado kimya, angalia kama yamekaa vizuri, alama ya kujumlisha na ya kutoa kila moja mahali pake. Kisha tazama springi. Zikiwa na kutu au unga wa jiwe lililovuja, zisugue kwa msasa au kwa ubavu wa kiberiti, futa kwa kitambaa kikavu. Redio isipotumika kwa muda mrefu, toa mawe. Sauti ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti tu, ni vumbi katika kitufe hicho. Kizungushe mara nyingi huku redio imezimwa.

Simu isipochaji, badili kwanza waya wa chaja, kisha kichwa cha chaja, azima kwa jirani. Kisha zima simu na utazame tundu lake. Vumbi la shamba na nyuzi za mfukoni hujaa humo. Litoe taratibu kwa kijiti kikavu cha meno, si kwa sindano. Betri ya simu ikiwa imevimba, iache. Usiitoboe wala usiichaji tena, maana inaweza kuwaka moto.

MAHALI PA KUSIMAMA

Hatusemi kila mtu awe fundi. Ujuzi mkubwa ni kujua mahali pa kusimama. Usifungue televisheni ya zamani yenye kioo kirefu nyuma, kwa sababu ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuichomoa. Usiguse bomba za gesi za friji, na barafu ikiganda usiichokoe kwa kisu, bali zima uiache iyeyuke. Usifungue mita wala kuvunja lakiri yake. Ni kosa la sheria, na wengi wamekufa hapo. Usishike kitu cha umeme ukiwa na mikono yenye maji au ukiwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji. Chombo kikikurusha hata kidogo, kichomoe na usikirudishe mpaka kitengenezwe.

UKIFIKA KWA FUNDI

Fundi naye ni mfanyakazi mwenzetu, anaishi kwa mikono yake. Hatumpigi vita. Tunachotaka ni kulipia kazi iliyofanyika. Kwa hiyo, ukimpelekea chombo, mweleze ulichokwisha kuona: "Soketi ni nzima, fyuzi ni nzima, waya nimeujaribu. Tatizo liko ndani." Fundi mwaminifu atashukuru, kwa sababu umempunguzia kazi. Asiye mwaminifu atajua huyu hadanganyiki.

Patana bei kabla hajafungua. Uliza kitakachobadilishwa ni nini, na akupe kile cha zamani mkononi. Uliza akirudia kuharibika baada ya wiki itakuwaje. Na pima bei yake na bei ya kitu kipya. Matengenezo yakikaribia nusu ya bei ya kipya, na chombo ni cha zamani, fikiri mara mbili.

KAZI YA TAWI

Mwisho, tusiache jambo hili kwa mtu mmoja mmoja. Kipimo cha volti ni ghali kwa mtu mmoja, lakini tawi likichanga ni shilingi chache kwa kila mwanachama. Tunapendekeza kila tawi liwe na mfuko wa vifaa: kipimo, bisibisi mbili, plaisi, msasa, na fyuzi chache za ampea 3 na 13. Liwe na daftari la kuandika nani alitengenezewa nini, wapi, kwa bei gani, na kama kilidumu. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litawajua mafundi wote wa soko.

Tena katika kila kiwanda wamo wanachama wetu wa idara ya umeme. Tuwaombe Jumapili moja kwa mwezi wawafundishe wenzao, na wake na watoto wa wafanyakazi waitwe pia, kwa sababu mara nyingi chombo huharibika baba akiwa zamu. Kule Abuku na sehemu nyingine ambako mfanyakazi yuko mbali na nyumbani, afundishwe aliyebaki na ufunguo wa nyumba.

Mwajiri hutupima kwa tani za miwa na kilo za chai. Akilini mwetu je, nani atapima? Tuanze na plagi iliyo ukutani. Ichomoe kwanza.